Deni la Mwenye Kuku



Katika nchi ya Ruangwa na Nachingwea ni vigumu kuuona mji usio na kuku. Ng'ombe si wengi huku kusini, na mbuzi si wote walio nao. Lakini kuku, hata mjane maskini anao wawili watatu wanaochakura kando ya jiko. Nao ni wanyama ambao watu huchukua kwao bila kuwapa kitu. Asubuhi mlango hufunguliwa, wakatoka. Jioni hufungwa, wakiisha kuingia. Na yai likionekana pembeni mwa nyumba, mwenyewe hulitwaa kama mtu aokotaye embe lililoanguka.

Siku hizi mambo yanageuka. Katika maduka ya pembejeo mna unga wa madini, na vitamini za kutia katika maji, na dawa zenye picha ya mayai juu ya kifuko. Mwenye kuku huambiwa: Changanya, nywesha, nawe utapata mayai mengi. Wengine hununua kwa fedha zao za korosho, wengine hucheka na kusema kwamba kuku wa babu zao walitaga bila kununuliwa kitu.

Kama vitu hivyo vyafaa au havifai, bwana mifugo aweza kutuambia. Sisi tuna swali lingine. Mtu ampaye kuku wake chakula cha nyongeza ili atage zaidi, je, amtendea wema, au amlipa deni, au amkamua? Mambo haya matatu yakitazamwa kwa nje yafanana, kwa sababu katika yote matatu kuna mkono unaonyosha bakuli na ndege anayekula. Lakini mbele ya haki si mamoja.

Kwanza yatupasa kujua yai latoka wapi. Watu wengi hulidhani kuwa ni tunda, kama papai mtini: ukilichuma leo, mti haukuumia. Sivyo. Yai moja hutengenezwa kwa muda wa saa 24 na zaidi kidogo, na katika hizo kama saa 20 ni kazi ya ganda peke yake. Ganda moja lina kama gramu 2 za kalisi, ndiyo madini yaleyale yaliyomo katika chokaa na katika mifupa yetu. Tena sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika usiku, wakati kuku amepanda kulala na chakula kinaendelea kupungua tumboni mwake. Basi kalisi hiyo yatoka wapi? Kile ambacho tumbo haliwezi kukitoa, mifupa hukitoa. Mtetea amewekewa ndani ya mifupa yake mirefu akiba ya namna ya pekee, ambayo jogoo hana. Mchana hujengwa, usiku hubomolewa, na kesho yake hujengwa tena, kama akipata cha kujengea.

Sasa tufanye hesabu. Mifupa yote ya kuku mmoja ina kadiri ya gramu 20 za kalisi. Mtetea wa kienyeji hutaga mayai 10 hata 15 ndipo aatamie, na kwa mwaka hufanya hivyo mara 3 au 4. Akitaga mayai 12, ametoa gramu 24, yaani kalisi iliyo nyingi kuliko ile ya mifupa yake yote. Kuku wa kisasa atagaye mayai 300 kwa mwaka hutoa gramu 600, ndiyo mifupa yake mara 30. Wala asidhani mtu kwamba mahindi yatamrudishia, kwani punje za mahindi karibu hazina kalisi kabisa.

Na jambo la kustaajabisha ni hili, ya kuwa asipopewa haachi kutaga mara moja. Angeacha mara moja, mwenyewe angelishtuka na kutafuta sababu. Lakini yeye huendelea siku kadha wa kadha akitaga kwa mifupa yake mwenyewe. Kisha ganda huwa jembamba, tena laini kama ngozi. Kisha miguu hulegea, naye huonekana amelala ubavu karibu na bakuli asiweze kulifikia. Ndipo watu husema, Ameingiwa na ugonjwa, au kuna mtu mwenye kijicho. Kumbe mwenye kuku ndiye aliyekula mifupa hiyo, kidogo kidogo, pamoja na chumvi.

Kwa hiyo mimi nasema kwamba chakula kinachorudisha kile ambacho yai limekichukua hakiitwi nyongeza ila kwa mazoea ya maneno. Ni deni. Mtu arudishaye jembe aliloazima hasemi ametoa sadaka.

Labda mtu atajibu: Mbona babu zetu hawakulipa deni hilo, na kuku wao waliishi? Jibu lake ni jepesi. Kuku wa babu zetu walijilipa wenyewe. Kuku aliyeachwa huru hula konokono na ganda lake, hudonoa majivu na udongo, hufukua mchwa, hula majani mabichi, tena humeza vijiwe vya kusagia katika firigisi. Akiisha kutaga mayai yake huatamia, na siku 21 za kuatamia, pamoja na majuma ya kulea vifaranga, ni mapumziko ya mwili wake. Deni lilikuwapo, bali mwenye kuku hakuliona kwa sababu halikupita mikononi mwake. Lakini yule ambaye amemfungia kuku bandani, akamnyang'anya na mayai asiatamie, amejitwika deni lote pia. Hawezi tena kusema, Kuku atajitafutia. Atajitafutia wapi, na mlango umefungwa?

Wasomaji wetu wanaoijua Torati watakumbuka kwamba ng'ombe aliyekuwa akikanyaga nafaka kiwanjani hakuruhusiwa kuzuiliwa asile katika kazi yake. Sheria nyingine katika kitabu kilekile ilimhusu mtu aonaye kiota njiani. Yeye hakupewa ruhusa kumtwaa mama pamoja na makinda. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho aliitumia ile habari ya ng'ombe kwa ajili ya watu watendao kazi, na tangu hapo wengi wetu tumeisoma kana kwamba ng'ombe hayumo tena. Naona kwamba ng'ombe bado yumo. Na banda la kuku lililofungwa, lisilo na chochote ndani ila pumba kavu, ni namna ya kufunga kinywa.

Hapa nakumbuka jambo moja lililotukia mbali na kwetu, nalo lastahili kujulikana na kila mtu afugaye. Karibu na mwaka 1890 daktari Mholanzi, jina lake Christiaan Eijkman, alikuwa katika mji wa Batavia kisiwani Java, mji ambao siku hizi huitwa Jakarta. Alikuwa akichunguza ugonjwa wa beriberi, uliowalegeza askari miguu hata kuwaua. Ghafula kuku wake wa uchunguzi wakaanza kulegea miguu vivyo hivyo. Alipouliza, akaona kwamba walikuwa wakilishwa wali mweupe uliobaki katika jiko la hospitali ya askari, wali wa mchele uliokobolewa sana. Kisha akaja mpishi mpya, naye akakataa kutoa mchele wa jeshi kwa kuku wasio wa jeshi. Kuku wakarudishiwa mchele wa bei ndogo, wenye ngozi yake nyekundu, wakapona. Kwa njia hiyo wataalamu wakaja kutambua kwamba ndani ya ngozi ile ya mchele mlikuwamo kitu kidogo ambacho mwili hauwezi kuishi bila hicho; nasi leo twakiita vitamini. Mwaka 1929 Eijkman alipewa tuzo ya Nobel. Jina la mpishi sikulikuta. Tunapomtilia kuku vitamini katika maji, twamrudishia elimu ambayo kuku wenziwe waliilipia kwa miguu yao.

Lakini sasa nafika mahali palipo pagumu, ambapo sitaki kupapita mbio.

Mtu mmoja mwenye akili aweza kusimama na kusema: Maneno haya ni ya watu walioshiba. Kumhesabia kuku gramu za kalisi ni anasa, huku mtoto wa jirani yangu hana dagaa katika ugali wake. Na neno lake si la kupuuzwa. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Tanzania watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Tena wakati huohuo sehemu kubwa ya dagaa wavuliwao Ziwa Victoria husagwa kuwa chakula cha mifugo, na kuku hula sehemu yake. Dagaa walewale wangeweza kuingia katika chungu cha mama. Nao husafirishwa mbali, hata kutufikia sisi huku Lindi ndani ya mifuko ya chakula cha kuku.

Twaweza kupima jambo hili. Kuku wa kisasa hula kama kilo 2 za chakula ili atoe kilo 1 ya mayai, na katika yai theluthi mbili na zaidi ni maji. Mtu akimpa kuku chakula ambacho mtoto angeweza kukila, hapati tena chote alichokitoa. Kingine kimekwisha kuwa joto la mwili wa kuku, na manyoya, na samadi. Ni kweli kwamba yai ni chakula bora kwa mtoto, lina kama gramu 6 za protini, nayo ni protini njema. Lakini dagaa naye ni chakula bora, hata mifupa yake huliwa. Kwa hiyo, palipo na dagaa wachache na mtoto mmoja na kuku mmoja, mimi sioni shaka: dagaa ni wa mtoto. Deni kwa kuku halilipwi kwa mali ya mtoto.

Hata hivyo neno hilo halimwondolei mwenye kuku wajibu wake, kwa sababu nchi yetu ina vitu vingi ambavyo mtoto hawezi kula, na kuku aweza. Mahali penye mashine ya kukamulia ufuta pana mashudu, nayo mashudu ya ufuta yana methionini nyingi, ambayo ni sehemu ya protini ionekanayo kwa shida katika vyakula vingine vya shambani. Mbaazi zilizopasuka, zisizopata bei, zina lisini, ambayo mashudu ya ufuta yana upungufu nayo. Hivi viwili vikiwekwa pamoja kimoja humsaidia mwenzake. Bali mbaazi zisitolewe mbichi, zichemshwe au zikaangwe kwanza, kwani mbichi huzuia protini isisagwe tumboni. Mchwa wa kichuguu ni chakula ambacho kila mtoto wa kijijini ajua kukichimbia vifaranga. Majani ya mlonge na mchicha humpa kuku vitamini, tena hukipa kiini rangi ya manjano, ambayo mwenye kulisha muhogo mtupu hataiona. Kwa ganda, yafaa maganda ya konokono, au ya chaza yaletwayo kutoka pwani, au maganda ya mayai yenyewe, yaliyochemshwa, yakaanikwa na kupondwa hata yasijulikane kuwa ni mayai. La sivyo kuku atajifunza kula mayai yake. Chokaa ile iliyochomwa tanurini kwa kupaka nyumba asipewe, itamwunguza.

Maganda hayo yawekwe katika chombo cha peke yake, yasichanganywe na chakula cha wote, maana tembe na vifaranga wakilazimishwa kula kalisi nyingi huharibika figo. Kuku atagaye hujua mwenyewe. Mkitazama mtaona kwamba hukiendea chombo hicho zaidi wakati wa alasiri na jioni, kabla ya kazi ya usiku. Hakuna aliyemfundisha.

Ufuta nimeutaja, nami siwezi kuuacha bila neno lingine. Karibu ufuta wetu wote wa Ruangwa huuzwa mnadani na kuondoka katika magunia, mzima mzima, kwenda nchi za ng'ambo. Mafuta huenda, na mashudu huenda pamoja nayo. Kisha mwenye kuku wetu hununua dukani mfuko wenye mashudu ya mbegu za watu wengine. Simlaumu mkulima, kwa kuwa ahitaji fedha. Lakini yaonekana kwamba tunauza chakula cha kuku bila kujua kwamba tumekiuza.

Sasa kuna desturi moja isiyofichika, nayo ni kumpa kuku mahindi au karanga zilizoota ukungu. Watu husema, Hayamfai mtu, basi na yaende kwa kuku. Huko siko kuokoa chakula. Ukungu ule huzaa sumu iitwayo sumukuvu. Mwaka 1960 huko Uingereza batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa chakula kilichotiwa mashudu ya karanga yenye sumu hiyo, na hapo ndipo ilipojulikana. Kuku aipatapo huharibika ini, mayai hupungua, tena sumu kidogo yaweza kupita hata ndani ya yai. Katika jambo hili kuku na mtoto wana mpaka mmoja.

Nimesema juu ya wema na juu ya deni. Imebaki habari ya kukamua. Baadhi ya vile vifuko vyenye picha ya mayai vina vitamini tu. Vingine vimechanganywa na dawa za kuua vijidudu, yaani antibiotiki, mathalani tetrasaiklini, nayo ni ya jamii ya dawa ambazo daktari huwapa watu. Kuku akiugua na bwana mifugo akampima, dawa ni halali yake. Lakini kuna wampao kila juma kuku mzima ili mayai yasipungue. Huko ndiko kukamua. Maana dawa ile hairudishi kitu ambacho yai limechukua, bali humpiga kijiti mwenye kuchoka. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikataza tangu mwaka 2006 kuwapa wanyama antibiotiki kwa kuwakuza tu, kwa sababu vijidudu vikiizoea dawa, havifi tena, wala kwa kuku wala kwa mtu.

Nani aumiaye kwa jambo hilo? Si kuku peke yake. Mama anunuaye mayai manne sokoni kwa ajili ya mtoto aliyetoka homani hana macho ya kuona dawa ndani ya yai. Kila dawa ina siku zake zilizowekwa, ambazo mayai hayapaswi kuliwa wala kuuzwa mpaka zipite. Na siku hizo zimeandikwa katika kifuko kilekile chenye picha, kwa herufi ndogo. Mwenye kuku huona hasara, trei mbili au tatu, akawaza: Nani atajua? Nami nasema kwamba swali lile, Nani atajua, ndilo linaloonyesha kwamba yeye mwenyewe amekwisha kujua. Yai ni kitu ambacho watu hununua kwa kuamini, kwa sababu halifunguliwi sokoni.

Tena wako wanaotumia fedha nyingi kwa unga wa kuongeza mayai, nao hawajawachanja kuku wao mdondo, ambao ukiingia kijijini waweza kuwamaliza karibu wote kwa siku chache. Chanjo ya I-2 ni tone moja katika jicho, na bei yake ni ndogo. Kumwongezea mayai kuku ambaye hukumkinga na kifo, sijui niuite upumbavu au nini.

Na wasomaji wasidhani kwamba kosa la kutazama mazao na kusahau chakula ni la watu wa kijijini tu. Nachingwea yajua zaidi. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika, Kongwa na Urambo na Nachingwea, ili Waingereza wapate mafuta. Miti iling'olewa kwa matrekta, reli ikajengwa kutoka Mtwara, na mwaka 1951 mradi ukaachwa, na reli yenyewe iling'olewa katika miaka ya 1960. Katika miaka ileile, mwaka 1948, shirika jingine la serikali hiyohiyo lilikwenda Gambia kufuga kuku, likiahidi mayai milioni 20 kwa mwaka. Chakula cha kuku kilitegemewa kulimwa palepale. Ardhi haikutoa, ikalazimu kukinunua ng'ambo, na ugonjwa ukawaua kuku wengi. Mwaka 1951 mradi huo nao ukafungwa. Mayai yalikuwa yamekwisha kuhesabiwa kwenye karatasi mjini London kabla ya mtu kuuliza kuku watakula nini.

Liko neno moja la mwisho, ambalo waalimu wa vikundi vya akina mama hupenda kuliuliza: mtetea aliyekoma kutaga, je, deni lake limekwisha? Kuku wa kisasa akipita mwaka mmoja na nusu mayai hupungua, na mwenyewe huona kwamba chakula hakirudi. Wengine humwacha tu, hawamlishi wala hawamchinji, wakingoja mnunuzi au Krismasi. Kumchinja si dhuluma. Kuku huliwa, na nyama yake ni chakula cha watoto. Lakini kwa siku zile alizo hai katika banda langu, mlango ukiwa umefungwa na mimi, sioni njia ya kumnyima bakuli lake la jioni. Mifupa yake bado haijajengwa upya, na mayai yake nimekwisha kuyala.